Viungo hulia, mifupa hunyamaza: kujitunza hedhi inapokoma

Msichana akivunja ungo, kwetu pwani, hupatiwa somo wa kumfunda. Hedhi ikianza kukatika miaka thelathini na ushei baadaye, hakuna wa kumfunda mtu. Wanawake wanaokuja kwangu kutibiwa viungo huja na hofu nyingi kuliko maumivu. "Dadangu, nikiamka vidole havifumbi, magoti yamekaza, na bega hili halinyanyuki, hata sidiria nafungwa na binti yangu. Nimelogwa ama ndio uzee?" Hujalogwa, mamangu, na miaka 49 si uzee. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, na hedhi yangu mwenyewe imeshakoma. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaambia kazini, na ndiyo ninayoyafanya nyumbani kwangu.

Kuna jambo ninalolirudia kila siku. Maumivu ya viungo na udhaifu wa mifupa ni mambo mawili mbalimbali, ingawa chanzo ni kimoja. Viungo hulalamika mapema. Mifupa hupungua kimya kimya, haiumi hata kidogo, mpaka siku mtu ateleze bafuni na kifundo cha mkono kivunjike. Mwanamke akimeza tembe na maumivu yakatulia hujiona amepona, kumbe mifupa yake haijaguswa. Kwa hivyo kazi ni mbili, na zinakwenda pamoja: kutuliza maumivu ya leo, na kulinda mifupa utakayoisimamia ukiwa na miaka 70.

Yanayotokea mwilini

Kwa wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Tunasema imekoma ikipita miezi 12 mfululizo bila kuona damu, lakini homoni ya estrojeni huanza kuyumba miaka kadhaa kabla. Homoni hiyo hupunguza uvimbe kwenye viungo na kano, ndiyo maana ikishuka vidole, magoti na mabega huanza kukaza hata kabla damu haijakatika kabisa.

Kwenye mifupa kazi yake ni nyingine. Mfupa ulio hai ni kama nyumba ya mawe ya Mji wa Kale: kila siku fundi mmoja anabandua sehemu iliyochakaa, mwingine anajenga upya. Estrojeni ndiyo inayomzuia fundi wa kubandua asipite kiasi. Ikiondoka, ubanduaji unaushinda ujenzi, na katika miaka mitano hadi saba baada ya hedhi kukoma mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake. Fuller Albright, daktari wa Boston, na wenzake waliandika juu ya uhusiano huu tangu 1941. Inaniuma kwamba bado mwanamke wa Likoni au Changamwe anaisikia habari hii mara ya kwanza akiwa amefungwa plasta.

Walio hatarini zaidi ni aliyekoma hedhi kabla ya miaka 45, aliyeondolewa ovari, mwembamba sana, anayevuta sigara au shisha, aliyetumia dawa za steroidi (zile kali za kutuliza uvimbe) kwa miezi mingi, na ambaye mama yake alivunjika nyonga.

Usiseme ni hedhi kabla ya kuangalia

Maumivu ya kipindi hiki huwa pande zote mbili za mwili, huhama, na ukakamavu wa asubuhi hulegea ndani ya nusu saa ukishaanza kujinyoosha. Mara nyingi huja na joto la ghafla, jasho la usiku na usingizi wa mang'amung'amu. Kama yako hayafanani na haya, nenda kwa daktari kwanza. Nenda pia kama kiungo kimevimba na ni cha moto, kama asubuhi unakaa zaidi ya saa nzima ndipo vidole vifumbe, kama una homa au unakonda bila sababu, au mgongo ulichoma ghafla ulipoinua kitu kidogo tu. Huo wa mwisho unaweza kuwa pingili ya uti wa mgongo imepondeka.

Na sisi wa Mombasa tuna letu. Mwishoni mwa 2017 na mwaka 2018 chikungunya ilitupiga mji mzima, na ugonjwa huo unaletwa na mbu waumao mchana. Homa yake huisha kwa siku chache. Maumivu ya viungo yanaweza kubaki miezi, kwa wengine hata miaka. Ikiwa maumivu yako yalianza kwa homa kali, mwambie daktari hivyo hivyo.

Bega lililoganda nalo lisipuuzwe. Huwapata sana wanawake wa miaka 40 hadi 60, na wenye kisukari zaidi. Kila anayekuja na bega la namna hiyo namwambia akapime sukari.

Damu ikirudi baada ya kukatika mwaka mzima, hata tone, ni safari ya hospitali wiki hiyo hiyo. Usingoje.

Kutuliza viungo

Asubuhi usiruke kitandani. Ukiwa bado umelala, fumba na kufumbua vidole, zungusha vifundo vya miguu, vuta goti moja kifuani halafu la pili. Ukishuka, tia mikono katika beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi na uendelee kufumba na kufumbua humo ndani. Goti au bega, funga kitambaa cha moto kwa robo saa. Kukandwa kwa mafuta ya karafuu kunaliwaza, sina ugomvi nako. Usikande kiungo kilichovimba na chenye moto.

Kisha tazama jikoni, maana kwa wagonjwa wangu wengi maumivu yanalishwa humo. Mbuzi ya kukunia nazi humketisha mtu chini kabisa, magoti yamekunjwa mpaka mwisho, huku kifundo cha mkono kinazungushwa kwa nguvu nazi nzima. Kwa gumba lililoanza kuuma chini ya shina lake, hakuna kazi mbaya kuliko hiyo. Nazi siku hizi Marikiti na Kongowea hukunwa kwa mashine wakati unangoja. Lipia huduma hiyo bila kuona aibu. Unga wa mahamri ukande juu ya meza inayofika usawa wa nyonga zako, usukume kwa kitako cha kiganja na uzito wa mwili, vidole visikamie. Kifuniko cha chupa kifungue kwa kipande cha leso kilicholowa maji. Sufuria ya pilau ibebwe na watu wawili.

Juu ya dawa nitasema wazi. Geli ya diclofenac ya kupaka inafaa kwa magoti na vidole, na haisumbui mwili kama ya kumeza. Paracetamol ya miligramu 500 isipite tembe nane kwa saa 24, na mwenye ugonjwa wa ini amuulize daktari kwanza. Tembe za diclofenac na ibuprofen, zile tunazonunua kemisti kwa jina tu, hupandisha presha, huchubua tumbo na huumiza figo. Mwenye presha, kisukari au vidonda vya tumbo asizimeze mpaka daktari aseme. Na unga wa miti shamba usio na lebo, unaoondoa maumivu yote kwa siku mbili, uogope. Dawa za namna hiyo zimewahi kupatikana zimechanganywa na steroidi, na steroidi ikinywewa muda mrefu inaila mifupa ile ile tunayotaka kuilinda.

Uzito wa mwili nao una hesabu yake: kila kilo moja unayopunguza hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Kilo tatu tu, goti litakushukuru ukipanda ngazi.

Mifupa inataka mzigo

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Mfupa huongezeka nguvu ukibebeshwa uzito uliozidi kidogo ule uliouzoea, na misuli ikiuvuta. Matembezi ya jioni ufukweni Mama Ngina ni mazuri kwa moyo na kwa roho, lakini peke yake hayatoshi. Kuogelea huvipa viungo raha kubwa, ila maji yanakubeba, kwa hivyo mfupa haupati kazi. Australia ulifanywa utafiti uitwao LIFTMOR, uliochapishwa 2018: wanawake waliokwisha koma hedhi, wenye mifupa iliyopungua, walinyanyua vyuma vizito mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, kwa miezi minane, chini ya uangalizi wa mtaalamu. Mifupa ya uti wa mgongo na nyonga iliimarika. Sisemi uanze na vyuma. Anza na kiti.

Chukua kiti cha mbao kigumu, kiegemeze ukutani. Keti ukingoni. Nyayo zote chini, zimeachana kwa upana wa nyonga, visigino vimerudi nyuma ya magoti kidogo. Kunja mikono kifuani. Inama mbele kutokea nyongani, mgongo umenyooka, mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, kisha sukuma sakafu kwa visigino na usimame wima kabisa, matako umeyakaza. Sasa kushuka, na faida kubwa iko huku: shuka ukihesabu moja hadi nne, usijibwage. Tazama magoti yako. Yanapenda kuingia ndani yakagusana, na hapo ndipo yanapoumia. Yaelekeze kwenye vidole vya pili vya miguu. Fanya mara nane, pumzika dakika moja au mbili, rudia mpaka seti tatu. Siku mbili au tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati.

Goti likikataa, weka mto mgumu juu ya kiti ili kimo kipande. Kiti kikiwa rahisi, kumbatia chupa ya maji ya lita 2 kifuani, halafu mtungi wa lita 5. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo unajua sawasawa umebeba nini, na huna haja ya kununua kitu.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi si dhambi. Yape alama kati ya 0 na 10: yakibaki chini ya 4, na kesho yake asubuhi kiungo kimerudi kilivyokuwa, endelea. Yakipita hapo punguza uzito, usiache zoezi.

Ongeza mengine matatu. Shika sinki, nyanyuka kwa ncha za vidole vya miguu, ushuke taratibu, mara kumi na tano. Simama hatua moja na nusu kutoka ukutani, viganja ukutani, ujisukume mara kumi. Hilo ni la vifundo vya mikono na mabega. Na wali ukiwa unakauka, simama kwa mguu mmoja, kidole kimoja kikigusa meza, nusu dakika kila mguu.

Wengi wetu tunanunua maji ya mkokoteni, na mtungi uliojaa ni kilo 20. Usiuinue ukiwa umepinda mgongo na miguu imenyooka. Usogelee mpaka ukuguse, kunja magoti na nyonga, ubane karibu na mwili, simama kwa miguu. Aliyeambiwa na daktari kwamba mifupa yake tayari ni dhaifu asiuguse kabisa mtungi huo, na aanze mazoezi haya akiwa na mtaalamu karibu.

Naulizwa sana juu ya swala. Kusujudu na kuinuka ni kazi njema kwa nyonga na magoti, usikimbilie kuiacha. Maumivu yakikushinda, kuswali kwenye kiti kumeruhusiwa. Goti likitulia rudi chini kwenye msala, kwa sababu ukihamia kitini moja kwa moja miguu hupoteza nguvu ya kuinuka sakafuni, na nguvu hiyo utaihitaji siku ukianguka.

Chakula

Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji kalisi (calcium), madini ya mifupa, miligramu 1,200 hivi kwa siku. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina karibu 300, na maziwa lala ni hivyo hivyo. Chai yetu ya maziwa inahesabika ikiwa maziwa ni mengi kweli. Uji wa wimbi uko mbele sana ya uji wa mahindi au mchele kwa kalisi. Dagaa mle mzima na mifupa yake, wa kukaanga au wa tui. Ufuta usiokobolewa, nyunyizia kwenye uji.

Juu ya mboga, sukuma wiki hukupa kalisi inayoingia mwilini vizuri kuliko mchicha, kwa sababu mchicha una oksalati inayoishika kalisi isiingie mwilini. Mchicha wa nazi uendelee kuliwa kwa faida zake nyingine.

Kinachonisikitisha ni chakula cha usiku cha wanawake wa umri wetu: chai na mkate, basi. Misuli haijengwi kwa ngano. Weka yai, au mbaazi, kunde, kipande cha samaki, katika kila mlo. Chumvi nyingi nayo hutoa kalisi kwenye mkojo, kwa hivyo achari na krisipu ziwe kidogo.

Tembe za kalisi ni za kujaza pengo tu. Usimeze zaidi ya miligramu 500 au 600 kwa mara moja. Ile ya kaboneti inywe pamoja na chakula. Anayekunywa dawa ya tezi ya shingo aachanishe kwa saa nne.

Jua tunalo, hatulipati

Kalisi haiingii mwilini vizuri bila vitamini D, na vitamini D hutengenezwa ngozini kwa jua. Watu hushangaa nikiwaambia kwamba hapa hapa Mombasa, nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, mwanamke anaweza kupungukiwa. Tunatoka tumejifunika, vichochoro vina kivuli, siku nzima tuko ndani. Ngozi nyeusi pia huitengeneza polepole. Na lile jua la saa moja asubuhi tunalosifiwa lina mwanga wa joto, lakini miale inayotengeneza vitamini ni haba.

Kipimo ni kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko kimo chako, jua linafaa. Hapo ni kama saa nne asubuhi hadi karibu na Alasiri. Panda darini kuanika nguo, pasipo macho ya watu, kunja mikono ya nguo mpaka juu ya viwiko, inua dera mpaka magotini, robo saa au dakika ishirini, siku kadhaa kwa wiki. Jua la nyuma ya kioo cha dirisha halifai kwa kazi hii. Mwenye ualbino asifuate ushauri huu, atumie tembe. Asiyeweza kupata jua anywe vitamini D ya IU 600 hadi 800 kwa siku. Vidonge vya dozi kubwa viandikwe na daktari baada ya kipimo cha damu.

Usianguke

Mfupa dhaifu usioanguka mara nyingi hauvunjiki. Bafuni weka mpira wa kuzuia kuteleza na chuma cha kushikilia ukutani. Champali zilizolika kwisha zitupe. Busati lililokunjamana ukingoni libandikwe au liondolewe. Weka tochi pembeni mwa kitanda, stima hukatika usiku na njia ya chooni ndiyo huvunja watu. Ngazi za nyumba zetu za zamani zina vidato virefu visivyolingana. Wekeza kwenye kamba au mbao ya kushikia. Na macho yapimwe.

Vipimo na dawa

Simama ukutani bila viatu, mtu akupime urefu kwa futi ya fundi cherehani, uandike na tarehe. Rudia kila mwaka. Ukipungua sentimita 4 au zaidi kutoka urefu wako wa ujanani, mwambie daktari, huenda pingili zimepondeka bila wewe kujua.

Kipimo chenyewe cha mifupa huitwa DEXA. Hakiumi, unalala tu juu ya meza dakika chache. Mashine hii si ya kila hospitali, kwa hivyo piga simu kabla ya kulipa nauli. Jibu huja kwa namba iitwayo T: kuanzia -1 kwenda juu ni salama, kati ya -1 na -2.5 mifupa imepungua, -2.5 kwenda chini ni udhaifu wenyewe. Kila mwanamke afikapo miaka 65 akipime. Mwenye hatari nilizotaja, au aliyevunjika kwa kuanguka kidogo tu, mapema zaidi.

Muulize daktari wako pia juu ya tiba ya homoni, yaani kurudishiwa estrojeni kwa dawa. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani, Women's Health Initiative, ulisimamishwa sehemu yake moja kwa ajili ya saratani ya matiti na kuganda damu, na hofu ikaenea dunia nzima. Utafiti huo huo ulionyesha kuvunjika nyonga kulipungua kwa karibu theluthi moja kwa waliopewa homoni. Leo inaeleweka kwamba kwa mwanamke mwenye afya, aliye chini ya miaka 60 au ambaye haijapita miaka 10 tangu hedhi ikome, faida mara nyingi huzidi madhara. Haimfai aliyewahi kuugua saratani ya matiti, aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, au anayetoka damu isiyojulikana sababu. Ambaye hajaondolewa kizazi lazima apewe na projesteroni, homoni nyingine ya kike, pamoja na estrojeni.

Ukiandikiwa alendronate, dawa ya kulinda mifupa inywewayo mara moja kwa wiki, inywe asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu. Si chai, si maziwa. Kisha ukae wima au utembee nusu saa bila kula na bila kulala, la sivyo inaweza kuunguza koo la chakula. Ramadhani ikiingia, zungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama: wengine huihamishia Magharibi, wakafungua kwa maji na tembe hiyo, na tende na uji vikasubiri nusu saa.